Barua kwa mwanangu: umeniuliza kama huku kijijini kuna usalama

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako ya juzi nimeisoma zaidi ya mara tatu, nikaona nisikujibu kwa simu maana sisi tukipigiana tunaishia kuongea habari za mtoto na hela tu, na hili swali lako linataka mtu akae chini. Umeniambia umepata kazi hospitali Lincoln, kodi ya Birmingham imewashinda, mnataka mje mpange huku kijijini karibu na mimi, mkoa wa Lincolnshire hapa hapa Uingereza, ila umefungua ramani ya polisi kwenye intaneti ukaona alama za fujo na makosa ya ngono mpaka kwenye kinjia changu mimi mama yako, alafu rafiki yako kakwambia vijijini polisi hamna kabisa, mtu akivamiwa ndo basi. Ukamalizia, mama huko kuna usalama kweli au nampeleka mtoto porini?

Naanza na jibu alafu ndo nieleze. Njooni. Mimi nipo huku karibu na Horncastle mwaka wa kumi na moja sasa, naingia shifti saa mbili usiku natoka saa mbili asubuhi, peke yangu, na hajawahi mtu kunigusa. Lakini sitakudanganya kwamba ni peponi, vipo vitu naviogopa na vingine vimenikuta, ila karibu vyote huwezi kuviona kwenye hiyo skrinshoti uliyonitumia.

Hiyo ramani ni kitu kizuri, kila mtu anaingiza postikodi yake anaona yaliyoripotiwa mwezi hadi mwezi, ila ujue inavyotengenezwa. Polisi hawaweki alama pale pale tukio lilipotokea, wanaisogeza mpaka kwenye pointi iliyopangwa tayari, ili mtu aliyepigwa au kuibiwa nyumba yake isijulikane, ndo maana imeandikwa kwenye au karibu na sehemu fulani. Birmingham hizo pointi zimejaa kila mtaa, huku ni mashamba tu maili na maili, kwahiyo jambo la mbali huko linaweza kuja kuangukia kinjiani kwetu. Na eneo letu la polisi lina mji wa Horncastle ndani yake na vijiji kibao, ule wizi wa madukani wote uliouona ni wa mjini, sisi duka lenyewe hatuna. Alafu lile fungu la fujo na makosa ya ngono wamechanganya kila kitu humo, kuanzia ubakaji mpaka mtu anayemtumia mtalaka wake meseji za vitisho. Zile hesabu za kwa kila watu 1000 ndo kabisa usizifuate kwa kijiji, sisi tupo kama mia tatu hivi, yakitokea matukio matatu mwaka mzima tayari inasoma 10 kwa 1000, na yote matatu yanaweza kuwa ya majirani wawili walewale wanaogombania mpaka wa bustani.

Sasa nikwambie kinachoibiwa huku. Bomba la gesi halifiki kijijini, nyumba zinapashwa moto kwa mafuta ya taa, yale yale ya jiko la mchina, kila nyumba ina tangi uani na lori linakuja kujaza, na hawakuletei chini ya lita 500. Desemba ya mwaka wangu wa tatu nimetoka kazini nimechoka, nafungua geti nasikia harufu, nikajua kabisa hii ni mafuta ya taa, nikazunguka nyuma nikakuta mfuniko wa tangi umetupwa kwenye majani na majani yenyewe yamelowa yanateleza, nikapiga tangi kwa mkono likalia ngo, tupu. Nilikuwa nimelijaza wiki moja nyuma, ile hela niliikusanya miezi mitatu. Ndani nyumba ya baridi mpaka unaona pumzi yako. Nilikaa kwenye ngazi na koti langu nikalia mwanangu, hili sijawahi kukwambia kwasababu ulikuwa kwenye mitihani. Bibi wa jirani aliniona taa haijazimwa akaja na hita mbili za umeme na sufuria ya supu, na mumewe jioni akaja kunifungia kufuli la tangi na kile kikengele kinacholia mafuta yakishuka ghafla. Sijaibiwa tena. Ukipanga nyumba huku cha kwanza angalia tangi, limekaa wapi, linaonekana barabarani au halionekani, lina kufuli au halina.

Wengine wote wanaibiwa vitu vya aina hiyo hiyo, pikipiki za magurudumu manne za wakulima, zile GPS za kwenye trekta ambazo moja ni maelfu ya pauni, dizeli, kondoo, mpaka mabati ya madini ya risasi juu ya paa za makanisa ya zamani. Wezi wenyewe wengi wanatoka mbali, wanakuja usiku na magari yao, wanajua wanachokifata. Bunge lilitunga sheria mwaka 2023 ya kuzuia wizi wa vifaa, hasa hizo pikipiki za mashambani, ndo ujue tatizo lilifika wapi. Lakini kukabwa njiani na kunyang'anywa simu kama ulivyofanyiwa wewe pale stendi, hicho mimi huku sijakisikia hata mara moja.

Kuna hili la mbwa lazima nikwambie maana usipojua utaogopa sana au utajiingiza pabaya. Mkoa huu wa Lincolnshire ni tambarare, sungura wa porini wengi, na wakulima wakishavuna, kuanzia vuli mpaka kwenye machipuko, wanakuja wanaume na magari ya kupanda mashambani na mbwa wembamba warefu miguu, wanawaachia wakimbize sungura na wanacheza kamari, hela nyingi, wengine wanarusha laivu watu wabeti kutoka mbali. Ni kosa, Sheria ya Uwindaji ya 2004 inakataza na mwaka 2022 waliongeza makali, na polisi wa hapa wana operesheni maalum wanaiita Galileo. Asubuhi moja ya Novemba natoka kazini nikakuta gari limesimama kwenye mlango wa shamba, namba imepakwa matope, wanaume wanne na mbwa, mmoja akanitazama tu hivi huku anavuta sigara. Sikupunguza mwendo, sikuwatazama mara ya pili, nimefika mbele pa watu ndo nikapiga 999, namba ya dharura, nikasema rangi ya gari na wanaelekea wapi. Wakulima wengi wametishiwa na hao watu, kuna waliopigwa. Wewe ukiwaona usisimame, usiwapige picha mbele ya macho yao, pita tu. Yale magogo na mitaro utakayoona kwenye milango ya mashamba ndo kazi yake, kuzuia hayo magari.

Kuhusu polisi, ni kweli wapo mbali. Kituo chenye watu masaa yote hatuna, yupo askari jamii anapita mara moja moja, na usiku wakija haraka ujue walikuwa karibu kwa bahati. Hilo sikufichi, ndo ukweli. Ila babu yako alikuwa Sungusungu kule Kahama, umeisikia hiyo hadithi mara ngapi, ng'ombe wameisha kwa wizi mwanzo wa miaka ya 1980 mpaka wazee wakasema bas tunajilinda wenyewe, ukipigwa mwano, ule ukelele wa hatari, usiku kila mwanaume anatoka. Nilishangaa sana siku nilipoambiwa huku nao ulinzi wao wa majirani ulianzia kijijini, Mollington kule Cheshire, mwaka 1982, miaka ile ile. Tofauti ni kwamba hawa hawakamati mtu, wanaangalia na kupiga simu. Tuna grupu la WhatsApp, mtu akiona gari geni limezunguka mara mbili anaandika. Mwanzo nilichukia, nilihisi wananichunguza. Saivi mimi ndo naandika zaidi ya wote kwasababu natembea saa ambazo wenzangu wamelala.

Na hapo ndo lilipo jambo ninalotaka ulishike. Kinachonilinda huku ni kwamba wananijua. Nisipofungua pazia mpaka saa nane mchana baada ya shifti kuna mtu atagonga. Kwahiyo mkija msijifungie ndani, mtoto apelekwe shule ya hapa hapa, jumamosi nendeni kwenye chai ya ukumbi wa kijiji hata kama keki zao huzipendi, salimieni kila mtu, tena taja na jina lako. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naingia na kutoka kimya kimya, na ndo mwaka ambao jamaa mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza umepotea, natembea kwenye barabara ya nyumbani kwangu mwenyewe na mfuko wa mikate. Iliniuma. Sikumjibu vibaya, nikamwambia naishi nyumba ile yenye mlango wa kijani. Watu weusi huku tunahesabika na mtoto ataulizwa maswali shuleni, jiandae nalo, na akitukanwa kwa rangi yake hilo ni kosa la jinai, ripoti, usiniambie mama ngoja yapite.

Agosti 2024 najua ulikuwa hulali kwa ajili yangu na mimi kwa ajili yako. Baada ya wale watoto watatu kuuawa Southport tarehe 29 Julai na uongo ukasambaa mtandaoni kwamba muuaji ni mkimbizi, tarehe 3 Agosti vurugu dhidi ya wageni zikawa Hull, ng'ambo tu ya mto Humber, tarehe 4 wakataka kuchoma hoteli ya wakimbizi Rotherham. Ile jumapili usiku nilikuwa na shifti. Nimevaa yunifomu nimekaa kitandani nashindwa kutoka. Mlango ukagongwa, roho ikanidondoka, kumbe ni bibi wa jirani, yule yule wa hita, ana miaka sabini na kitu, amevaa koti juu ya nguo ya kulalia, akasema nitakupeleka kazini na asubuhi nitakufata, na akafanya hivo wiki nzima. Kijijini hapakutokea kitu. Lakini nilijifunza kwamba hofu inafika hata mahali ambapo fujo hazifiki.

Zile alama za fujo ulizoziona, hata zikiwa za kweli, mara nyingi ni za ndani ya nyumba, mume na mke, mtoto mkubwa na mzazi. Nyumba zimekaa mbalimbali, jirani hasikii, basi la kuondokea lipo mara chache. Mimi mkwe wangu nampenda na simshuku, ila nakwambia kama mwanamke kwa mwanamke, ujue kwamba ukipiga 999 kwa simu ya mkononi na huwezi kuongea, bonyeza 55 ukiambiwa, watajua ni kweli unahitaji msaada. Yasiyo ya haraka unapiga 101. Mfundishe na mtoto.

Sasa ninachokiogopa kweli, kuliko wezi wote niliokutajia, ni barabara. Zaidi ya nusu ya watu wanaokufa barabarani Uingereza wanafia kwenye barabara za vijijini. Huku njia nyembamba, hakuna pa kutembea kwa miguu, hakuna taa, ua wa miti umeziba kona, na mtu anaruhusiwa kwenda maili 60 kwa saa. Desemba saa kumi jioni giza limeshaingia. Majira ya joto barabara ya A158 inajaa magari ya kwenda baharini Skegness, na ile ya A153 ya kwenda Louth wanapita waendesha pikipiki wanaoelekea uwanja wa mashindano wa Cadwell Park, unasikia mlio kabla hujamwona. Mwenzangu wa kazini, binti wa Kizimbabwe, alikuwa anatembea kutoka stendi ya basi na koti jeusi, gari likampitia ubavuni likavunja kioo cha pembeni kwenye kiwiko chake, dereva alisema hakumuona na mimi namuamini kabisa, hakumuona. Mpaka leo mkono haunyooki. Wewe utakuwa unaendesha usiku kutoka Lincoln, maili ishirini, na swala wanaruka mbele ya taa, na barafu nyembamba haionekani. Mtembee upande wa kulia magari yakija muyaone, mtoto avae kile kikoti cha kung'aa hata kama anaenda nyumba ya tatu tu. Hapa sibembelezi.

La simu nalimaliza haraka maana unalijua, wanaojifanya watu wa uhamiaji wanatuwinda sana sisi wageni, mwingine alinipigia akijua mpaka mwezi viza yangu inaisha, nikakata. Anayejifanya benki, kata, piga 159 upelekwe benki yako mwenyewe, na meseji za utapeli zitume 7726.

Kuna geti moja mwisho wa kinjia wanaweka mayai kwenye boksi na kikopo cha hela, hakuna mtu anayeangalia, unachukua mayai sita unaweka hela yako unaondoka. Mjukuu wangu nitampa sarafu aweke yeye.

Ila usije Juni mwanangu, Juni kila mtu anapapenda. Njoo wikiendi moja ya Novemba, panda treni mpaka Lincoln nitakufata, tushuke kwenye basi pamoja saa kumi na moja jioni tutembee ile robo maili kwenda nyumbani na tochi, uione hiyo giza kwa macho yako kabla hujasaini mkataba wa nyumba. Jirani nimeshamwambia, anauliza mtoto anakula nini.

Mama yako