Kipa na Maswali Yake: Benchi, Glavu, Upepo

Maswali ya wasomaji. Majibu ya wakufunzi wetu wa makipa.

SWALI: Asalaam aleikum. Nina miaka 19, ni kipa wa tatu wa timu ya ligi kuu Nairobi. Msimu umekwisha sijagusa mechi rasmi. Timu ya nyumbani, ya ligi ya chini, inanitaka niwe namba moja kwa posho ndogo. Nirudi au nivumilie?
Kipa wa Muyeye, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, mwanetu. Rudi, ila kwa mkopo, yaani uchezee timu ya nyumbani kwa muda huku ukibaki mchezaji wa Nairobi. Mkataba wa Nairobi usiuvunje.

Mshambuliaji wa akiba huingizwa dakika ya 70 akaonekana. Kipa hatolewi mpaka aumie au apewe kadi nyekundu, basi wa tatu humaliza mwaka akipashana moto na wenzake tu. Mazoezini unapigiwa mashuti mia, sawa, lakini mashuti hayo hayakufundishi lini utoke kwenye krosi na watu sita wamekuzonga, wala kukaa dakika 40 bila kazi kisha ukatakiwa ghafla. Watakwambia mcheza kwao hutunzwa. Usitegemee kutunzwa, tegemea kucheza.

Umri usikutie wasiwasi. Dino Zoff aliinua Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa na miaka 40, na Essam El-Hadary wa Misri aliokoa penalti dhidi ya Saudi Arabia mwaka 2018 akiwa na 45.

Mkopo uandikwe: tarehe ya kurudi, na nani atalipia matibabu kidole kikivunjika. Jambo hili la pili vijana wengi hulisahau. Tena usirukeruke. Kwa kanuni za FIFA, ndani ya msimu mmoja waweza kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu, na kucheza mechi rasmi kwa klabu mbili tu kati ya hizo. Ukifika Malindi, rekodi mechi nzima. Vipande vya kudaka pekee havimwoneshi mkufunzi unasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili.

SWALI: Glavu zangu zimechanika viganjani baada ya wiki tatu. Uwanja wetu ni mchanga mtupu.
Kipa wa Barani, Malindi

JIBU: Mchanga ni msasa, lakini huenda mkosaji mwingine ni wewe: ukianguka, unajiinua kwa viganja. Inuka kwa ngumi au kwa goti. Kabla ya kuvaa glavu mpya mara ya kwanza, zioshe kwa maji ya uvuguvugu. Siku ya mechi lowesha viganja kidogo, kwani mpira wa glavu ukikauka haushiki. Baada ya mchezo suuza jasho na mchanga, zibonyeze bila kuzikamua, uzianike kivulini. Ukizitandaza juani zitakakamaa na kupasuka. Na uwe na jozi mbili, kuukuu za mazoezi, nzuri za mechi.

SWALI: Refa aliwapa wapinzani kona kwa kuwa nilikaa na mpira. Ni haki?
Kipa wa Maweni

JIBU: Ni haki. Tangu Julai 2025 sheria inakupa sekunde 8, na refa huhesabu 5 za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Zamani ilikuwa sekunde 6 na adhabu frikiki isiyo ya moja kwa moja, ambayo marefa waliionea haya.

SWALI: Wakati wa kusi krosi zinanipita. Nifanyeje?
Kipa wa Shella, Malindi

JIBU: Kabla ya mechi mwambie mwenzako apige krosi kumi kutoka kila upande, wewe utazame tu zinakoangukia. Upepo ukivuma kuelekea goli lako, anza hatua moja nyuma, maana mpira hupita kichwa upesi kuliko unavyodhani. Ukivuma kuelekea wao, krosi huning'inia na kuanguka fupi: chelewa kutoka, lakini ukishatoka usisite. Kona ya kukata ndani, ile inayopinda kuelekea goli, ikisindikizwa na upepo huweza kuingia moja kwa moja. Weka beki kwenye nguzo ya karibu, nawe simama karibu na mstari. Mpira wa goli dhidi ya upepo, upige chini au umpe beki. Ukiupiga juu utakurudia.