Kiatu chenye jua lake: kwa nini picha za kuunganisha zinaonekana zimebandikwa

Mkuu, umeuliza mambo mawili, na naona wadau wengi wameng'ang'ania programu ipi ni nzuri, jambo ambalo hata hukuliuliza. Umesema umeangalia video za mafunzo mwaka mzima, leya (yale matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya lingine) unazijua, kumkata mtu kwenye picha moja na kumhamishia nyingine unaweza, ila kazi zako bado zinaonekana zimebandikwa. La pili, ukitazama kazi za wasanii wakubwa unaishia ama kuiga ama kukata tamaa, na hujui kuchota kunaishia wapi na wizi unaanzia wapi. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana hapo ulipo nilikaa karibu miaka miwili.

La programu nilimalize haraka. Photoshop, GIMP, Krita, yoyote yenye leya na maski, yaani kifuniko cha kuficha sehemu ya leya bila kuifuta, inatosha. Photoshop yenyewe haikuwa na leya hadi toleo la 3, mwaka 1994, na wakati huo watu walikuwa wameshaunganisha picha kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kazi yangu ya kwanza niliyoipenda kweli ilikuwa kiatu kinachoelea ziwani kama mtumbwi, ndani kakaa mtu anapiga kasia. Kukikata kile kiatu kulinichukua usiku tatu. Kamba peke yake zilikula usiku mzima: nimezuum hadi naona pikseli moja moja, napaka maski kwa brashi ndogo, nyeusi kuficha, nyeupe kurudisha, kijivu pale uzi unapochambuka. Ilitoka safi mno. Nikamwita dada yangu, mtu ambaye hajawahi kufungua programu ya picha maishani mwake. Akatazama kidogo, akauliza, "Mbona hiki kiatu kina jua lake?"

Nilikosa la kusema. Kiatu nilikuwa nimekipiga mezani, taa iko kushoto tena karibu, kivuli kikali. Ziwa lilipigwa jioni, jua liko kulia na chini. Mtu wa kasia alitoka picha ya tatu, siku ya mawingu, hana kivuli hata cha dawa. Mianga mitatu kwenye fremu moja. Dada hakujua maski ni nini, ila amekulia chini ya jua moja kama sisi sote, na jicho lake lilikataa papo hapo.

Kwa hiyo nina hakika kubwa tatizo lako haliko kwenye kukata. Kabla hujafungua programu, zitazame picha zako mbichi moja moja. Mwanga unatoka upande gani, na uko juu kiasi gani? Ni mkali au laini? Hapo angalia ukingo wa kivuli: ukiwa umekatika kama kwa kisu, chanzo ni kidogo au kiko mbali kama jua, ukiwa umeyeyuka, chanzo ni kipana kama anga la mawingu. Rangi yake je, ya manjano au ya bluu? Rangi unaweza kurekebisha, na ukali unaweza kuupunguza kidogo. Upande wa mwanga ukikataa, usihangaike, tafuta picha nyingine. Kuna ujanja wa kuigeuza kushoto kulia, nao unafanya kazi vizuri, hadi siku utakapogundua maandishi ya fulana yanasomeka kinyumenyume. Yalinikuta.

Kitu cha pili ni urefu wa kamera, na hiki video nyingi hazikigusi. Ukipiga picha kamera ikiwa usawa wa macho yako, kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo unapita machoni mwa kila aliyesimama mwenye kimo chako, awe hatua tatu mbele yako au mia. Mtu wangu wa kasia alipigwa kutoka ghorofani, utosi wake unaonekana wote, ilhali ziwa limepigwa chini karibu na maji. Hata ningemkata vizuri namna gani, angeonekana anamwagika kutoka kwenye kiatu.

Nikarudia yote. Kiatu nilikipiga upya nje, jioni, jua kulia, kamera karibu igusane na ardhi, na nikakiweka kwenye sinia jeusi lenye maji kidogo ili nipate na sura yake majini. Sinia ndilo lililoniokoa. Halafu nikashughulika na pale kiatu kinapogusana na ziwa. Pale panatakiwa kuwa peusi kuliko sehemu zote zinazokizunguka, mstari mwembamba tu, kisha giza linafifia kadiri unavyotoka. Nilitumia leya mbili kwenye modi ya maltiplai, ile inayotia giza kilicho chini yake: moja nyembamba na nzito, nyingine pana na hafifu. Leya moja peke yake inakupa kivuli kama doa la mafuta.

Bado kilikuwa kinaruka mbele. Nikaweka leya ya kuondoa rangi juu ya vyote nione mwanga na giza tu, nikamwona mchawi: weusi wa soli ulikuwa mweusi kuliko kitu chochote kilichokuwa mbali kiasi kile. Hewa inapausha vitu vya mbali. Giza lao linakuwa kijivu na linaelekea bluu. Nikaupausha ule weusi kidogo, nikatia rangi ya anga kwenye vivuli. Mwisho kabisa nikanyunyiza chengachenga zilezile, vile vidoadoa vidogo vya picha, juu ya picha nzima, maana kila kamera ina chenga zake na zisipofanana zinakuumbua.

Sasa hao wasanii. Mimi nilikuwa na folda lenye mamia ya picha nilizozihifadhi eti za kunihamasisha. Sijawahi kulifungua zaidi ya mara mbili. Siku hizi nakaa na picha moja wiki nzima. Naipunguza iwe ndogo kama kucha nione mpangilio wake, naigeuza juu chini, nachora mishale ya mwanga juu yake, kisha naandika kwa maneno yangu msanii aliamua nini na alikuwa anakwepa nini. Hapo ndipo utagundua wengi wao walianza na shida, hamasa ikafuata baadaye.

Mfano Gustave Le Gray, Mfaransa wa miaka ya 1850. Vioo vya negativu (picha ya kwanza ya kamera, ambapo mwanga unatoka giza na giza linatoka mwanga) vya enzi zile vilikuwa na hisia kali kwa mwanga wa bluu, kwa hiyo ukipiga bahari ikatoka sawa, anga linaungua na kuwa jeupe tupu. Alichofanya ni kupiga negativu moja ya anga na nyingine ya bahari, kisha kuziunganisha kwenye mstari wa upeo. Ndiyo kazi hiyohiyo unayoifanya wewe leo kwa maski. Mwaka 1857 Oscar Rejlander akaunganisha negativu zaidi ya 30 kwenye picha moja. Jerry Uelsmann, Mmarekani aliyefariki 2022, alipanga mashine kadhaa za kukuzia picha kwenye chumba cha giza, kila moja na negativu yake, akawa anaihamisha karatasi kutoka mashine hadi mashine huku akiziba sehemu asizozitaka. Hakuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Nilipoelewa hilo niliacha kulalamika kuhusu kompyuta yangu.

Wa sasa mtazame Erik Johansson wa Swideni. Anapiga mwenyewe vipande vya picha zake, na anasisitiza vipande viwe na mwanga wa aina moja na mtazamo mmoja. Kwa mwaka anatoa picha chache tu. Mimi nilikuwa natoa mbili kwa wiki, unaona tofauti.

Halafu, ili usinielewe vibaya kwamba mwanga ni amri, mtafute Magritte, mchoraji wa Ubelgiji, kwenye ile michoro yake ya nyumba iliyo usikuni, taa ya barabarani inawaka, na juu yake anga la mchana lenye mawingu meupe. Mianga miwili kama kwenye kiatu changu! Ila pale chini kila kitu kinaitii taa, juu kila kitu kinalitii jua, na kinachogongana ni lile wazo lenyewe. Changu kiligongana kwa uzembe.

Kuhusu kuiga: iga, tena iga hadi mwisho, ila iwe daftari la mazoezi, libaki kwako. Ukiiweka hadharani sema umeiga kwa nani. Na usichukue picha ya mtu ukaikata vipande bila ruhusa, hata ukiwa umeigeuza rangi. Soma leseni, au piga yako. Kwenye kazi yako mwenyewe chukua uamuzi mmoja tu wa msanii, si picha nzima. Mimi kwa Uelsmann nilichukua namna anavyoficha maungio ndani ya giza badala ya kuyasugua, na imeniokolea saa nyingi kuliko brashi yoyote.

Ile ya mnara juu ya wingu uliyoiweka mwanzo wa mjadala huu, nahisi mnara umepigwa mchana wa jua kali na wingu ni la asubuhi, ila kwa picha iliyokwisha kuunganishwa siwezi kuapa. Weka zile mbichi zote mbili kabla hujazigusa, nikuchoree mishale.