Kabidhi miligramu, usikabidhi mililita

Wadogo zangu wa wodi ya vichanga, kila kundi jipya likifika makosa yaleyale yanarudi kabla wiki ya pili haijaisha. Shiti ya makabidhiano ya zamu kwenye kompyuta mnaijua, sina haja ya kuwafundisha kuifungua. Ninachotaka tuzungumze ni kile mnachokijaza.

1. Mililita peke yake si dozi. Unapokea zamu, unasoma: "Genta 0.44 ml kila saa 24," yaani jentamisini, antibiotiki ya sindano. Mtoto ana gramu 1,450, siku ya tatu. Dozi yake ya miligramu 3 kwa kila kilo ni miligramu 4.35. Aliyeandika alikuwa ameshika kichupa cha miligramu 20 ndani ya mililita 2, kwa hiyo akavuta 0.44, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Usiku famasi wakaishiwa, wakaleta kichupa cha miligramu 80 ndani ya mililita 2. Dawa ni ileile na ujazo ni uleule. Anayepokea anasoma 0.44, anavuta 0.44, mtoto anapata miligramu 17.6. Hiyo ni mara nne ya dozi yake, kwa kichanga ambaye figo zake bado hazijakomaa kuitoa. Genta inaumiza figo na masikio, na sikio lililoumia hutalijua leo wala kesho. Asubuhi mwingine anabonyeza "nakili ya jana", mstari unapita kwa zamu ya tatu.

Hapa ndipo karatasi ilikuwa na faida yake: mwandiko wa jana ulionekana ni wa jana. Kwenye skrini mstari wa juzi unang'aa sawa na wa leo, na macho yaliyochoka saa 1 asubuhi yanauamini.

Kwa hiyo kila dawa iwe na safu nne: uzito uliotumika, miligramu, nguvu ya kichupa (miligramu ngapi ndani ya mililita ngapi), mililita. Safu ya nguvu ya kichupa ifunguke tupu kila zamu, isinakiliwe kamwe. Ajaze aliyekishika kichupa mkononi. Mililita zikokotolewe na shiti yenyewe, na safu ya tatu ikiwa tupu, ya nne isitoe kitu. Mkimwomba mtu wa TEHAMA jambo moja tu mwaka huu, mwombeni hilo.

2. Uzito uwe miwili, kila mmoja na tarehe yake. Kichanga hupungua siku za mwanzo, hata asilimia 10, na dozi tunapiga kwa uzito wa kuzaliwa mpaka aurudie. Ukiandika wa leo juu ya wa kuzaliwa, umeufuta ule tunaouhitaji.

3. Umri kwa saa. "Siku ya 1" ya daktari mmoja ni "siku 0" ya mwenzake, na kwa mtoto mwenye homa ya manjano ya vichanga, yaani ngozi na macho kuwa ya njano, tofauti hiyo inaamua kama anawekwa chini ya taa ya bluu ya kumtibu au la. Jaza saa ya kuzaliwa, shiti ihesabu.

4. Pacha. "Mtoto wa Asha" wawili, mistari imefuatana, na usiku mmoja wao kahamishwa kitanda. Tafuta kwa namba ya jalada, kisha linganisha na bangili ya mguuni. Kitanda si kitambulisho.

5. Anayepokea arudie kwa mdomo. Utafiti wa I-PASS, utaratibu maalumu wa kukabidhiana wagonjwa, uliochapishwa 2014, wodi za watoto katika hospitali tisa za Marekani na Kanada, ulionyesha makosa ya kitabibu yakishuka kwa asilimia 23, na huko shiti ilikwenda pamoja na kusimama na kurudiana maneno. Msikabidhiane kwa kutumiana faili.

6. Picha za shiti kwenye kundi la WhatsApp, hapana. Tanzania ina sheria ya taarifa binafsi tangu 2022, na mama wa mtoto hakuwaruhusu.

7. Chapisha nakala moja nusu saa kabla ya zamu kubadilika, yenye saa ya kuchapwa juu kabisa. Umeme ukikatika mnasomea hiyo. Zamu ikiisha, inachanwa.