Maji ya mvua, moshi wa risasi na pipa la mkaa wa vifuu

Hapa Mikindani, jirani yetu alikuwa akiyeyusha betri chakavu za magari uani kwake ili apate risasi, ile metali nzito yenye sumu, ya kutengenezea chubwi, vizito vya kuzamishia nyavu. Vumbi la moshi ule likatua juu ya mabati yetu, mvua ikalisomba hadi tangini. Tulipopeleka maji maabara, risasi ilizidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 0.01 kwa lita. Na mama alikuwa akiyachemsha kila siku! Kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi haiondoki na mvuke. Inabaki sufuriani, na maji yakipungua inakolea.

Ili kuyachuja maji hayo, nikajaza pipa mkaa amilifu wa vifuu vya nazi. Huo si mkaa wa jikoni. Hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi mpaka uwe na vitundu visivyoonekana kwa macho, hata gramu moja ikawa na uso wa mita za mraba 500 au zaidi. Risasi hunata kwenye kuta za vitundu hivyo. Maganda ya korosho nayo yanafaa, ila msijaribu kuyachoma nyumbani: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake ni mkali.

Kipimo cha kwanza kilinifurahisha, nikalala. Miezi kumi na mmoja sikuugusa mkaa ule, maana maji yalitoka maangavu, hayana harufu. Nilipopima tena, risasi ya maji yaliyotoka ilikaribia kulingana na ya yaliyoingia. Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa akiyanywa kwa kikombe chake cha bluu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Bado roho inaniuma.

Nafasi za kunatia zikijaa, mkaa hauna kazi tena, na jicho halitakwambia. Andika tarehe kwenye pipa. Pima yanayoingia na yanayotoka. Bomba lifunguliwe kidogo tu, maji yakawie ndani. Mkaa uliochoka usiutie jikoni wala kwenye tuta la mchicha, kwani risasi yote imo humo. Wangu nimeuweka kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na watoto.

Jirani tulimwendea na wazee wa mtaa, tukakaa naye vizuri. Siku hizi hununua chubwi zilizo tayari. Mabati tumeyasugua, na mvua za kwanza za Desemba tunachomoa bomba la tangi, zinamwagika chini.