Msiogope deni mkaacha na pesa ya bure

SWALI: Habari zenu. Nauza mboga Kayole, mume wangu ni wa mjengo, leo ako na kazi kesho hana. Kijana wetu wa kwanza ameitwa chuo cha serikali na karo ya kozi yake ni kama laki mbili kwa mwaka. Sasa baba yake amekataa asijaze fomu ya HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, anasema msichana wa jirani alisomea mkopo, hajapata kazi na jina lake limepelekwa CRB, kwa orodha ya wenye hawalipi madeni. Anataka tufanye harambee. Nimwambie nini?
Mama Brian, Kayole

JIBU: Mama Brian, hongera kwanza, kulea mtoto na mboga mpaka aitwe chuo si kazi ndogo. Na usimlaumu mzee, hofu yake si ya bure, watu wengi Nairobi hii wanasumbuliwa na deni la HELB. Lakini kuna kitu moja nadhani hajaambiwa, ile fomu si ya mkopo peke yake. Tangu mfumo mpya uanze 2023 mwanafunzi anaingia kwa tovuti ya HEF, ya serikali ya kuomba pesa za chuo, na hapo hapo anaomba vitu viwili, skolashipu ya serikali ambayo hairudishwi hata shilingi, na mkopo wa HELB ambao unarudishwa. Mkikataa fomu juu ya deni mmekataa na ile ya bure, halafu karo yote inabaki kwenu.

Angalia bendi zilizotangazwa 2024, yaani makundi ya familia kulingana na mapato. Bendi ya kwanza, yaani wenye mapato ya chini kabisa, skolashipu inabeba asilimia 70, mkopo 25, nyumbani mnatoa 5. Kwa kozi ya 200,000 hiyo ni 140,000 ya bure, 50,000 ya deni na 10,000 yenu. Bendi ya tano ndio ngumu, skolashipu 30, mkopo 30, nyumbani 40, yaani 80,000 kila mwaka. Harambee ya laki mbili miaka minne mfululizo mama, watu watachoka mwaka wa kwanza tu.

Kwa hivyo kazi yote iko kwa vile fomu inajazwa, juu bendi inatokana na majibu yenu. Tafadhali kijana asiachie mtu wa saiba, yaani duka la kompyuta, ajaze peke yake, huyo ako na foleni, ataweka mapato yoyote tu ya mzazi, atumie imeli yake, na siku mnataka kuingia tena hamna pasiwadi. Keti hapo na yeye. Beba kitambulisho chako na cha baba, cheti cha kuzaliwa, namba za mtihani za KCPE na KCSE, vitambulisho vya wadhamini wawili, na laini ya simu iwe ya jina la kijana mwenyewe. Andikeni pesa ya mboga vile iko, ya mjengo vile iko, na watoto wote walio shule. Kama high school alisomeshwa na mfadhili, barua yake iingie. Na bendi ikitoka haifanani na nyumba yenu, katieni rufaa, msinyamaze.

Kuhusu deni lenyewe, mwambie mzee riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, hakuna app ya simu itakupatia hiyo, na kulipa kunaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Kinachomaliza watu ni kujificha, juu usipolipa faini ni 5,000 kila mwezi na inarundikana tu. Kijana akimaliza akose kazi, aende ofisi zao Anniversary Towers aongee nao mapema. Ajue pia ile pesa ya matumizi, 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, ni mkopo, na mkopo unaombwa upya kila mwaka.

Mtasikia pia mambo ya koti. Ni kweli Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 mfumo huu unavunja katiba, lakini Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo 2025. Msingoje kesi, jazeni fomu dirisha la kuomba likiwa wazi.

SWALI: Mimi KUCCPS, wale wa serikali wa kugawa nafasi za chuo, imenipeleka chuo cha kibinafsi, ati hatupewi kitu?
Msomaji, Githurai

JIBU: Mdogo wangu, mkopo unaweza kupata, skolashipu ya serikali ndio hakuna kwa vyuo vya kibinafsi kwa huu mfumo. Piga hesabu hiyo kabla hujaripoti. Kama nyumbani hawawezi, KUCCPS huwa inafungua dirisha la kuhama chuo, ingia ujaribu kozi kama hiyo kwa chuo cha serikali. Na upeleke barua ya kuitwa chuo kwa ofisi ya CDF, ule mfuko wa eneo bunge, ya eneo lenu uombe basari, cheki huandikwa kwa jina la chuo.