Mtu na Mdogo Wake: Majina ya Cheti na Majina ya Nyumbani

Mwezi huu tumekusanya maswali kuhusu majina ya mabinti wa nyumba moja. Mengi yametoka kwa wenye binti mmoja tayari na wa pili yuko njiani, kwa hiyo tunaanza na hao.

SWALI: Binti yetu wa kwanza anaitwa Halima. Wa pili amekaribia, na mume wangu anataka aitwe Salima ili majina yaoane. Mama mkwe amekataa katakata, anasema kila nikimtaka mmoja nitakuwa nawaita wote wawili. Ni kweli, au ni ubishi tu? *Mama Halima, Tanga*

JIBU: Mama Halima, mama mkwe wako ana hoja. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto anapoitwa kutoka uani, kinachomfikia chumbani ni silabi hiyo na ile inayoifuata. Iliyotangulia humezwa njiani. Halima kwake ni "lima". Salima naye ni "lima". Wataitika wote, au kila mmoja atajifanya ameitwa mwenziwe na hapatakuwa na wa kuja.

Jozi inayowaponza wengi zaidi ni Neema na Rehema. Maana zake zimekaa vizuri pamoja, wazee wanayapenda, lakini yote mawili yanaishia "-ema". Amina na Sabrina nayo ni vilevile.

Kabla hamjaamua, fanyeni jaribio. Mtu mmoja akae chumba cha mwisho, mlango umefungwa, redio inalia. Wewe simama uani uite majina yote mawili, kila moja mara 5, bila mpangilio. Aliye ndani aandike alichosikia. Akikosea zaidi ya mara moja, tafuteni jina lingine. Mnaofuata sunna ya akika siku ya saba mna muda wa kutosha kulifanya hilo na mtoto ameshazaliwa.

La pili ni herufi ya mwanzo, na hili mama mkwe hakulitaja. Kwa utaratibu wa Tanzania, watoto wa baba mmoja wana jina la pili na la tatu lilelile, la baba na la babu. Halima Juma Hamisi na Hawa Juma Hamisi hawagongani hata kidogo kwa sauti, lakini wakifupishwa wote ni H. J. Hamisi. Hapo mzigo wa basi unachukuliwa na asiye wake, na barua ya mmoja inafunguliwa na mwingine. Kwa hiyo angalieni pande zote mbili: herufi ya mwanzo itofautiane kwa ajili ya karatasi, silabi mbili za mwisho zitofautiane kwa ajili ya sikio.

Na kama mnataka yaoane, yaoane kwa asili yake na si kwa mlio. Mabinti wanne wa Mtume, kama tunavyowataja huku kwetu, ni Zainabu, Rukia, Kulthumu na Fatuma. Z, R, K, F: hakuna herufi iliyojirudia. Pa kuchunga ni mahali pamoja tu. Mkiwakatisha Kulthumu na Fatuma kwa mwisho mtapata Thumu na Tuma, na mmerudi palepale. Fatuma akiwa Fatu, Kulthumu akiwa Kulu, shida imekwisha. Kwa Wakristo, Upendo, Tumaini na Furaha hukaa pamoja bila mgongano wowote.

SWALI: Tumepata mapacha wa kike, wana wiki mbili. Mke wangu amechagua Rehema na Rahma. Huku kwetu Usukumani watu wameshaanza kuwaita Kulwa na Doto. Tuandikishe yapi? *Baba Mapacha, Shinyanga*

JIBU: Hongereni. Rehema na Rahma tungewaomba myaache. Mapacha tayari wanafanana kila mahali kwenye karatasi: tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, babu, kliniki, na baadaye darasa. Jina la kwanza ndilo pekee linalowatenganisha, nanyi mmechagua mawili yenye R, H na M zilezile. Anayeandika kwa haraka akikosea herufi moja au mbili, mmoja amegeuka mwenziwe. Anzeni kufikiria kadi za kliniki: chanjo ya mmoja ikiandikwa kwenye kadi ya mwingine, kuna atakayedungwa mara mbili na kuna atakayerukwa.

Wazee walilitatua hili zamani. Kulwa ni aliyetangulia, Doto ni aliyefuata, na majina hayo hayafanani kwa herufi wala kwa sauti. Waganda wana Babirye na Nakato kwa mapacha wa kike, Wajaluo wana Apiyo na Adongo, nayo yote yanapita kwenye mtihani wetu wa uani. Kuyaandikisha hivyohivyo ni sawa kabisa. Amueni tu mapema kama ni Kulwa au Kurwa, maana yote mawili yanaandikwa, kisha msibadilishe tena.

Mama akitaka majina yake yawe ya cheti na haya yabaki ya nyumbani, abakize Rehema, na wa pili apewe jina la mbali, kama Zawadi. Shuleni wapelekwe kwa jina la cheti tangu siku ya kwanza ya chekechea. Mwalimu akimzoea Doto, Doto ndiye atakayeingia kwenye daftari.

Jambo moja zaidi: atakayezaliwa baada yao, watu wa kwenu wanaweza kumtarajia awe Shija. Msilimalize jina hilo kwa mtoto wa shemeji kabla hamjaulizana.

SWALI: Binti mkubwa amepewa jina la mama mkwe wangu. Siwezi kulitamka hovyo, namwita Bibi. Mdogo amepewa jina la mama yangu mzazi, na mume wangu naye anamwita Bibi. Sasa nyumba ina mabibi wawili, na bibi mwenyewe akija likizo wanakuwa watatu. *Mama Mabibi, Morogoro*

JIBU: Hapa aliyekosekana ni Somo. Mtu na wajina wake huitana hivyo, kwa hiyo yule ambaye bibi wajina wake anakuja mara kwa mara aitwe Somo, na bibi mwenyewe amwite hivyohivyo. Watoto hupenda kuitana sawa na mkubwa. Mwingine abaki Bibi, au awe Nyanya.

Msije mkawaita Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Tunajua linakuja mdomoni lenyewe, lakini jirani akisikia mumeo anaita "Bi Mdogo" ataanza kuhesabu wake.

Wasomaji wetu wa Kenya wanaofuata utaratibu wa Wakikuyu wako kwenye hali inayofanana: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama, na mzazi hana la kuchagua. Mabibi wakiwa Wanjiru na Wanjiku, mjini watoto wataishia kuwa Ciru na Ciku, majina ambayo kwenye simu mbovu hayatofautiki. Na majina mengi ya kike ya Kikuyu yanaanza na W au N, hivyo herufi ya katikati haisaidii kitu. Mzigo wote unabaki kwa jina la kwanza. Mmoja akiwa Grace, mdogo wake asiwe Gladys. Na mwacheni mmoja aitwe hilo la kwanza nyumbani, mwingine ndiye awe Ciru.

SWALI: Watu wa nyumbani wanamwita mkubwa Cheupe na mdogo Cheusi. Ni utani wa siku nyingi, lakini mdogo ana miaka 8 sasa na ameanza kununa. Tufanyeje? *Shangazi Mtu, Lindi*

JIBU: Shangazi, yaondoeni yote mawili kwa pamoja. Mkifuta Cheusi na kumwachia mkubwa Cheupe, mtakuwa mmemwambia mdogo kwamba lake ndilo lilikuwa baya. Majina ya utani ya ndugu wawili yanayowapima kwa kipimo kimoja, iwe rangi, unene, urefu au akili, humpa mmoja ushindi kila yanapotamkwa. Kibonge na Kimbaumbau ni walewale.

Kukataza peke yake hakufanyi kazi, kwa sababu ulimi unataka cha kushika. Andaeni badala yake. Muulizeni kila mtoto anataka kuitwa nani, mpeni nafasi ya kukataa mapendekezo yenu, kisha yatangazeni majina hayo kwa watu wote siku moja, mkianza na wenye sauti kubwa ukoo mzima: bibi, wajomba na msichana wa kazi. Badilisheni na majina yaliyohifadhiwa kwenye simu na kwenye kundi la familia. Mtu akiteleza, msimgombeze mbele ya watoto. Rudieni sentensi yake kwa jina jipya mwendelee na mazungumzo. Atakayechelewa kuzoea ni mjomba. Siku zote ni mjomba.

SWALI: Cheti cha kuzaliwa kinasema Khadija, shuleni ameandikwa Hadija, na dada yake Fatma ameandikwa Fatuma. Mkubwa yuko darasa la sita. Ni jambo la kuhangaikia? *Baba Wawili, Kilwa*

JIBU: Ndiyo, na mwaka huu huu. Darasa la saba ndipo anaposajiliwa kwa mtihani wa taifa, na jina hilo ndilo linalomfuata sekondari. Huko mbele, akiomba mkopo wa elimu ya juu, atatakiwa kupeleka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na hapo ndipo K iliyopotea inaanza kuleta kelele.

Kinachorahisisha ni kurekebisha upande wa shule. Peleka nakala ya cheti kwa mwalimu mkuu, omba jina lisahihishwe kwenye rejista, kisha orodha ya watahiniwa itakapobandikwa isome mwenyewe herufi kwa herufi, usimtume mtoto. Ukichelewa hadi vyeti vya mitihani vitoke, utaingia kwenye hati ya kiapo, na tofauti ikiwa kubwa, hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Vyote hivyo vinagharimu.

Makosa ya aina hii mara nyingine huanzia wodini. Anayeandika tangazo la kizazi huandika anachosikia, na masikio mengi husikia Hadija. Usimtajie jina kwa mdomo. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, majina yote matatu, umpe anakili, halafu usome alichoandika kabla hajagonga muhuri. Na jina la baba lilivyo kwenye cheti cha binti wa kwanza, hakikisheni kwenye cheti cha wa pili limeandikwa vilevile: Mohamed kwa huyu na Muhamadi kwa yule, na ghafla ni watoto wa baba wawili.

Tanzania usajili wa kawaida hufanyika ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Kenya ni miezi 6, na mzazi wa huko ana miaka 2 tangu kuandikisha kuomba jina alilobadilisha liingizwe.

SWALI: Mume wangu ni Salum Mbwana Kombo. Binti wa kwanza alizaliwa Dar es Salaam, cheti chake ni Zuhura Salum Mbwana. Wa pili, Rukia, atazaliwa hapa Leicester. Tumwandikeje? *Mama Zuhura, Uingereza*

JIBU: Fomu ya huko ina sehemu mbili tu, majina ya mwanzo na jina la ukoo, na mna siku 42 za kuandikisha. Tatizo lenu ni kwamba kwa utaratibu wetu jina la mwisho husogea kila kizazi: la baba ni Kombo, la binti ni Mbwana. Mkifuata ushauri wa haraka wa kumwandika Rukia Salum, nyumba moja itakuwa na majina ya mwisho matatu, ukiacha lako.

Chagueni moja kati ya haya. La kwanza: "Rukia Salum" kwenye majina ya mwanzo, "Mbwana" kwenye ukoo. Dada wawili watalingana, ingawa baba atatofautiana nao. La pili: wote wawe Kombo, jambo ambalo litadai Zuhura abadilishiwe nyaraka zake. Sisi tungechukua la kwanza. Baba ana cheti kinachomtaja kama mzazi kwa kila mtoto, kwa hiyo uhusiano wake unathibitika; dada na mdogo wake wana jina la mwisho tu la kuonyesha upesi kwamba ni ndugu, shuleni au hospitalini. Mkisafiri, bebeni vyeti vyote viwili vya kuzaliwa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege.

SWALI: Mdogo anamwita dada yake "Dija" kavukavu, kama sisi wazazi. Bibi yake hapendi. *Mama Dija, Unguja*

JIBU: Jina la kufupisha ni la wakubwa na wa rika. Mdogo aliongezee heshima mbele: Da Dija. Ndiyo sababu tunashauri jina la nyumbani la mkubwa lijaribiwe na "Da" kabla halijazoeleka. Da Fatu, Da Mina na Da Kulu yanatamkika vizuri. Ukimwita mkubwa Dada tangu utotoni, kama nyumba nyingi zifanyavyo, mdogo hana pa kuiweka heshima yake, na wa tatu akizaliwa hajui Dada ni yupi.