Nyuki wamehama baada ya kurina: cha kufanya

Pole sana ndugu yangu. Kukuta mizinga mitatu kati ya mitano mitupu wiki mbili tu baada ya kurina kunauma. Yalinikuta na mimi hapahapa Singida. Umeandika kwamba ulikata masega yote. Kosa liko hapo. Alizeti ikishakauka, nyuki wanategemea akiba yao, na ukiibeba yote wanahama. Siku hizi masega ya watoto, yale yenye vifuniko vya kahawia, siyagusi kabisa, na asali nawaachia masega manne.

Miwili iliyobaki usiifungue ovyo. Paka grisi kwenye kila waya wa kuning'inizia, maana siafu wakiingia hawabakishi kitu. Weka beseni la maji karibu, lenye vijiti ili nyuki wasizame.

Ile mitupu ikague: ukiona utando kama wa buibui kwenye masega, huyo ni nondo wa nta, mdudu kama kipepeo ambaye viwavi wake hula masega. Choma masega hayo, safisha, kisha paka nta iliyoyeyushwa kwenye viunzi, yaani vile vipande vya mbao ambavyo nyuki hujengea masega, uvutie kundi jipya.

Malkia usihangaike kumtafuta. Ukiona mayai, yupo.

Na tafadhali, ukidungwa ukavimba uso au kubanwa pumzi, wahi hospitali saa hiyohiyo.